Nilikausha vyambo vya mbao kwenye chumba cha fromaji cha jirani, halafu nikamdanganya

Wakuu, poleni na shughuli za mchana.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Kilichonitoa ni yule jamaa aliyeuliza namna ya kupiga verni, ile vanishi, kwenye mbao ndogo bila kutoka vipele. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likawa refu, likaanza kugusa mambo ambayo si ya verni tena. Nikaona nifungue uzi.

Haya yametokea kweli. Majina nimebadilisha na kijiji sitakitaja. Pale nilipokosea nitaandika kwamba nilikosea, sitajipaka rangi.

Mimi ni fundi seremala. Naishi Masisi, Kivu ya Kaskazini, upande wa barabara inayoteremka kwenda Walikale. Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha kwenu. Lakini watu wangu wakiongea nitawaacha waongee vile wanavyoongeaka huku.

Kazi yangu ya kila siku ni vitanda, milango na madawati. Vyambo viliniingia kwa bahati tu.

Kuna mvuvi mmoja, tumwite Papa Bahati, anakaa Kashebere. Barabara ikiwa wazi anateremka mpaka kule mto Lowa unakopanuka, anavua mbenga. Kwa wasiomjua, mbenga ni samaki mwenye meno marefu yanayotokea nje ya mdomo. Hali minyoo. Anakimbiza samaki wenzake. Ukitaka kumpata, umvutie kitu kinachoogelea kama samaki mdogo aliyeumia.

Papa Bahati alikuwa na chambo kimoja cha plastiki alichopewa na mgeni zamani. Mbenga wakakitafuna mpaka kikapasuka. Akaniletea vipande vyake kwenye kitambaa.

"Fundi, unaweza chonga hii?"

Nikamwambia nitajaribu.

Kuchonga hakukunishinda. Unatafuta mti mwepesi, unachonga umbo la samaki la urefu wa kidole cha kati, unapasua tumbo kidogo na kupitisha waya kutoka mdomoni mpaka mkiani, unaweka kipande cha risasi chini ili kisipinduke, unaziba. Mbele unaweka kibati kidogo kama ulimi, hicho ndicho kinakifanya kitikisike kikivutwa. Nilijaribia kwenye pipa la maji nyuma ya atelie, ndiyo karakana yangu. Cha nne kiliogelea vizuri sana, nikamwita mke wangu aje kuona.

Shida ilikuwa finishing.

Papa Bahati alichukua sita, akarudi baada ya wiki mbili. Akaviweka mezani, akapitisha ukucha juu ya kimoja.

"Fundi, samaki zako ziko na upele."

Nikamwambia upele hauzuii kuogelea.

"Siku mbili inaogelea muzuri. Siku ya tatu inalala upande kama mulevi."

Alikuwa na haki. Kile kipele unachokiona kwenye verni ni punje ya vumbi. Ukiwa unatengeneza kitanda, punje moja haina neno. Lakini chambo kinagonga mawe, kinagongwa na meno. Palipo na punje, verni inabanduka. Maji yanaingia, mbao inavimba, uzito unahama. Chambo kinalala ubavu na mbenga hawezi kukitazama mara ya pili.

Papa Bahati akasema anataka ishirini na nne, yeye na wenzake watatu. Ila viwe "na uso safi". Akanipa mwezi mmoja.

Hapo nikaanza kuhangaika.

Atelie yangu ina paa na kuta mbili tu. Kiangazi, kila pikipiki ikipita vumbi linaingia. Mvua ikinyesha, ukungu unashuka mlimani na verni inageuka nyeupe kama maji ya mchele. Nilijaribu ndani ya nyumba, watoto wakakohoa. Nilijaribu kufunika kwa ndoo, verni ikakaa mbichi siku tatu na nzi akafia humo.

(Ushauri wa pembeni kwa aliyeuliza: kopo la verni usilitikise. Koroga taratibu kwa kijiti. Ukitikisa unaingiza hewa, na yale malengelenge yako yanatoka hapo. Halafu chuja kwa soksi nyembamba ya nailoni, ile ya kike. Utashangaa uchafu unaotoka kwenye kopo jipya.)

Turudi kwenye mada.

Jirani yangu wa juu kidogo ni Mama Ezekieli. Ni wa familia za wafugaji wa milima hii. Ana ng'ombe, na maziwa yake anatengeneza fromaji. Wengine mnaita jibini. Zile duara za manjano za Masisi zinazoteremka mpaka Goma, basi baadhi zinatoka kwake.

Nilikuwa nimemtengenezea mlango, kwa hiyo chumba chake cha fromaji nilikifahamu.

Wakuu, sijawahi kuona chumba kisafi vile. Unaacha viatu nje. Sakafu haifagiliwi ikiwa kavu, inamwagiwa maji kwanza. Mbao za kupangia fromaji zinapanguswa kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Dirisha ni moja, lina wavu, na linafungwa kabla ukungu haujapanda. Ndani hakuna vumbi wala nzi. Hewa imetulia.

Nikasema moyoni, vyambo vyangu vingekauka humu vingetoka kama kioo.

Nikamwendea. Nikamwambia nina vitu vyangu vidogo vya mbao, nataka kuvitundika siku mbili tatu juu ya ukuta, mbali na fromaji. Sikutaja verni, wala harufu. Sikudanganya hapo, lakini nilichagua maneno.

"Leta tu," akasema. "Kule juu iko nafasi. Lakini viatu unaacha inje."

Siku iliyofuata alikuwa anasafiri kwenda Sake kwenye kilio, siku mbili. Nyumba ingebaki na Riziki.

Riziki nimweleze vizuri. Ni dada wa miaka kama ishirini na tano hivi. Alitoka upande wa Omate, kule kwenye machimbo, wakati watu walipokimbia. Alifika na mfuko mmoja. Mama Ezekieli alimkuta kanisani akamchukua. Kwa miaka miwili amekuwa akikaa naye, anakamua, anageuza fromaji kila asubuhi, anaosha kile chumba. Ndugu aliyembakia karibu ni shangazi yake wa Kashebere.

Nilipiga verni asubuhi hiyo kwenye atelie, mkono wa mwisho, mwepesi. Dakika chache baadaye nikavibeba kumi na viwili vya kwanza vikining'inia kwenye kijiti, vingali vinanata, nikapanda navyo kwa Mama Ezekieli. Nikavitundika kwenye uzi kwa vibanio vya nguo.

Riziki alisimama mlangoni.

"Papa Furaha, hii kitu yako inanuka."

"Itaisha kesho," nikamwambia.

"Fromaji inakamataka harufu mbio. Mama anajua?"

"Anajua. Acha dirisha wazi tu."

Aliacha wazi. Lakini jioni ukungu ulipanda, na kanuni ya Mama Ezekieli ni dirisha kufungwa. Akafunga. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Siku ya tatu nikaenda kuvichukua kabla Mama hajarudi.

Nasema bila kujisifu: sijawahi kutoa kazi kama ile. Uso laini, hauna punje hata moja. Rangi ya mgongo na magamba niliyochora ilionekana kama iko chini ya maji. Niliviweka kwenye meza ya sebuleni, nikawa napita napita kuvitazama.

Papa Bahati alipita akavichukua vyote kumi na viwili. Akavigeuza kwenye mwanga muda mrefu, akavifunga bila kupitisha ukucha. Kwake hiyo ni sifa.

Wiki moja baadaye fromaji zikarudi.

Mfanyabiashara mmoja wa kabila la Wanande mwenye duka barabarani, ndiye anamchukulia Mama Ezekieli fromaji zake, alizirudisha kwa heshima. Wateja walizikata wakasema zinanuka petroli, ndiyo mafuta ya taa kwa huku. Zile alizoziuza alilazimika kuomba radhi. Duara kumi na nane, zote za chumba kile.

Nilisikia nikiwa naranda ubao. Niliacha kuranda. Nilijua palepale.

Asubuhi ileile Mama Ezekieli akanitumia mtu, nipande. Nilikuta wanawake wawili waliokuja kununua maziwa, na Riziki amesimama pembeni ya ukuta, mikono imelowa.

Mama Ezekieli hapigi kelele. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida.

"Papa Furaha, Riziki anasema ni zile samaki zako za mti njo zimeharibisha. Zilikuwa mubichi?"

Wakuu, nimefikiria sana ile sekunde. Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi. Lakini nilikuwa nawaza vile kumi na viwili vingine, na oda nyingine ambayo Papa Bahati alishaanza kuigusia. Nilikitaka tena kile chumba. Na wanawake wawili walikuwa wananitazama.

Nikasema, "Hapana, Mama. Zilikuwa zimekauka. Nilikuwa natafuta tu fasi hakuna vumbi."

Akageuka kwa Riziki.

"Ile siku ya mvua, taa uliijazia wapi?"

"Mule ndani, Mama. Lakini sikumwanga petroli. Ata tone moja."

"Basi njo ile petroli."

"Mama, mi nilinusa ile siku alileta. Nilimwambia."

"Muntu mukubwa anasema zilikuwa kavu."

Mmoja wa wale wanawake akaguna. Yule mwingine akasema hawa waliotoka machimboni wamezoea kushika vitu bila kunawa. Hakuna aliyemjibu, hata mimi.

Riziki hakulia. Hakumtazama Mama Ezekieli. Alinitazama mimi, kisha akaenda kunawa mikono.

Kesho yake aliondoka. Hakufukuzwa. Mama Ezekieli alimwambia tu kwamba kwanza asiingie chumba cha fromaji. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake yote na kula yake viko kwenye kile chumba, hiyo maana yake unaijua. Alipanda kwenye kamiyo, yaani lori, ya ndizi iliyokuwa inarudi tupu Kashebere.

Mimi niliendelea na kazi. Nilitengeneza kitanda. Nililala vizuri tu usiku, nisiwadanganye. Ndiyo kitu kinachonishangaza mpaka leo.

Siku ya tatu mke wangu aliweka viazi mezani na nusu ya fromaji. Alikuwa ameinunua dukani kabla hazijarudishwa. Akakata kipande, akaweka mdomoni, akakitoa mkononi.

Akakinusa.

"Hii harufu naijua."

Nikachukua kiazi.

"Haiko petroli. Petroli natumia kila siku. Hii njo harufu ya mashati zako."

Watoto walikuwa wanaangalia. Akafunika fromaji kwa sahani, akawaambia wale viazi.

Walipotoka akasema, "Riziki iko wapi?"

"Kashebere."

"Nani alimupeleka kule?"

Nikasema alikwenda mwenyewe.

"Haya," akasema. Akakusanya sahani.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka hapohapo nikapanda kwa jirani. Sikupanda. Nilipitisha siku nyingine nzima nikitafuta njia ya kuirekebisha bila kusema. Niliwaza kumnunulia Mama Ezekieli maziwa, kumtengenezea kitu bure, kumtumia Riziki ujumbe kwamba arudi. Kila njia ilikuwa na shimo lilelile katikati, kwamba watu wangebaki wanajua ni Riziki.

Asubuhi ya siku ya tano nikaenda.

Mama Ezekieli alikuwa anachuja maziwa, anayamimina kwenye kitambaa juu ya sufuria. Nikasalimia. Nikasema nilichokuja kusema, nimesimama, bila kuzunguka.

"Mama, zile samaki zilikuwa mubichi. Nilizitundika zikiwa zinanata. Riziki alisema ukweli."

Hakuacha kumimina. Alimaliza ile ndoo yote. Akakamua kitambaa, akakitundika. Ndipo akanitazama.

"Ile siku nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Pale kwa mulango? Mbele ya wale wamama?"

"Nilijua."

Akakaa kwenye kigoda. Alionekana amechoka kuliko umri wake.

"Fromaji, ng'ombe itanipatia ingine," akasema. "Lakini mwana wa watu nimemutukanisha na kinywa yangu mwenyewe. Miaka mbili iko anasema ukweli mu hii nyumba. Siku moja weye unasema uwongo, nakuamini weye."

Nikasema nitalipa zile duara.

"Nani alikuuliza malipo? Utaenda Kashebere, umuombe arudi. Utamwambia mbele ya shangazi yake, hapana pembeni. Alisemwa mbele ya watu, atasafishwa mbele ya watu. Na ukirudi, wale wamama wawili nitawaita, utawaambia pia."

Nilikwenda siku ileile kwa pikipiki. Njia ilikuwa mbaya, mvua ilikuwa imekula kingo, mara mbili nilishuka kusukuma. Nilifika mchana.

Shangazi yake Riziki anauza maharage na chumvi mbele ya nyumba. Riziki alikuwa anapima maharage kwa kikopo. Aliponiona aliendelea kupima mpaka mteja akaondoka.

Nikasema mbele ya shangazi. Nikasema nilidanganya, na kwa nini nilidanganya. Nilitaja mpaka ile habari ya kutaka chumba tena. Shangazi alisonya kwa muda mrefu. Watu wawili wa jirani wakasogea kusikiliza, nikarudia tangu mwanzo.

Riziki alisikiliza yote.

"Papa Furaha," akasema, "mi siko na kasirani juu ya harufu. Kila muntu anakoseaka. Lakini siku ile tulisema wote wawili. Neno yangu ilibaki imesimama inje. Yako njo ilipewa kiti."

Nikasema Mama Ezekieli anamwomba arudi.

"Amekutuma weye?"

"Ndiyo."

"Mwambie akuje yeye."

Shangazi akasema, "Umesikia." Nikapanda pikipiki.

Nilimpelekea Mama Ezekieli jibu kama lilivyo, nikidhani litamuudhi. Yeye ni mtu mzima, anaheshimika mpaka kanisani, goti lake moja ni bovu, na pikipiki anaziogopa.

Akasema, "Iko na haki."

Kesho yake wale wanawake wawili waliitwa kwanza. Nikasema tena. Yule aliyetoa neno la machimbo aliangalia chini, kisha akauliza kama maziwa yapo.

Halafu Mama Ezekieli akajifunga kitenge, akapanda pikipiki, akaenda.

Sikuwepo Kashebere. Nina habari ya dereva tu. Anasema waliingia nyuma ya nyumba, wakakaa huko muda ambao yeye alikula, akalala kidogo, akaamka. Hakusikia sauti. Walipotoka, Mama Ezekieli ndiye alikuwa anabeba mfuko wa Riziki. Dereva alitaka kumpokea, akakataa.

Basi, hiyo ndiyo sehemu ya watu. Nirudi kwenye verni, maana kuna mtu aliuliza na hajajibiwa.

Kumi na viwili vya pili sikuwa na chumba cha kuvikaushia tena, na sikuomba kwa mtu. Nilichukua kabati la nguo lililovunjika mlango, nikalisimamisha nyuma ya atelie mbali na nyumba. Nyufa zote nikaziziba. Juu nikaweka bati nililolipaka rangi nyeusi ili jua la mchana lipashe ndani. Chini nikatoboa matundu nikayafunika kwa wavu na kitambaa chembamba, juu pia, hewa ipite. Ndani nikaweka uzi.

Makaa usiweke. Najua baridi ya huku inakushawishi, lakini dilwan, ile thina ya kulainishia verni, na moto havikai nyumba moja. Mwenzangu mmoja aliunguza nyusi.

Mengine yote nimeyaiba kwenye chumba cha fromaji. Viatu naacha nje. Sakafu namwagia maji saa nzima kabla, nangoja ikauke, ndipo nafungua kopo. Siku ya verni sirandi kitu. Shati nabadilisha, kwa sababu vumbi jingi linatoka kwenye nguo zako mwenyewe. Mbao napangusa kwa kitambaa chenye dilwan kidogo, siigusi tena kwa kidole. Mkono wa kwanza uwe mwembamba sana, karibu maji, mbao iunywe. Ukikauka, msasa laini kabisa, pangusa. Kisha mikono mitatu myembamba, kila mmoja usubiri wa chini yake ukauke kweli. Ukungu ukionekana mlimani, funga kopo, kafanye kazi nyingine. Ukungu haubembelezwi.

Vya kabati havikutoka vizuri kama vile vya chumba cha Mama Ezekieli. Nasema ukweli. Ukiviweka kwenye jua utaona punje moja hapa, moja pale. Hizo nilizikwangua kwa wembe nikapiga tena, kisha nikamtumia Papa Bahati.

Papa Bahati alirudi baada ya kama mwezi na nusu, barabara ilikuwa imefungwa. Akamwaga vyambo mezani. Vimeumwa hasa. Vingine meno yameingia mpaka kwenye mbao nyeupe, kimoja mkia haupo. Lakini kando ya jeraha verni ilikuwa imeshika, haikubanduka. Hakuna kilichovimba.

"Sasa ziko na ngozi," akasema.

Nikamweleza kisa chote, kwa sababu alikuwa ameshasikia nusu yake Kashebere. Alicheka pale kwenye nzi aliyefia kwenye verni. Kwenye habari ya Riziki hakucheka. Akaniuliza kama nimemlipa Mama Ezekieli. Nikamwambia hataki malipo, ila mbao zake za kupangia fromaji zilinyonya harufu, ninamtengenezea mpya zote.

Hizo mbao ndizo zilinichukua muda. Haziwekwi verni wala rangi. Ni mbao tupu, zimerandwa, zimesuguliwa kwa maji ya chumvi, zimeanikwa juani, zimesuguliwa tena. Ishirini na mbili. Nilizipandisha kwa mabega, mara nne.

Riziki ndiye alizipokea. Mama Ezekieli alikuwa pale, anamenya viazi uani, hakuinuka.

Riziki alichukua ubao mmoja mmoja. Anapitisha kiganja, anausogeza puani, anauweka kushoto. Mimi nimesimama nje ya mlango, bila viatu. Alifika wa tisa, akaurudisha kulia. Wa kumi na sita pia, kulia.

"Hizi mbili hapana," akasema.

Nilizichukua zile mbili nikanusa. Sikusikia kitu. Nikanusa tena. Nikamtazama Mama Ezekieli.

Mama Ezekieli akasema, bila kuinua kichwa kwenye viazi, "Amesema hapana."

Nikazibeba nikateremka nazo. Sikuziranda upya. Nilitengeneza nyingine mbili kutoka ubao mzima, nikazisugua siku mbili, nikapanda nazo.

Alizipokea.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba mtu akikuambia kitu chako kinanuka, usimjibu "itaisha kesho". Simama hapo, unuse naye. Na ukiulizwa mbele ya watu, jibu lako linaweza kumwangukia mtu asiye na kosa.

Wenye uzoefu wa verni isiyonuka, ile ya maji, naomba mnielekeze. Inashika kwenye mbao inayokaa mtoni, au inabanduka? Huku haijafika, lakini nikijua jina la aina yake nitaiagiza.

Na kama kuna aliyewahi kumponza mwenzake kwa neno moja namna hii, aseme alilirekebishaje. Matusi pia naruhusu. Nimeshasikia makali zaidi, kutoka kwa shangazi wa Kashebere.